Ingia Kwanza

Ng'ambo ya daraja la magogo
14 Septemba 1990

Kwako Mjomba, Mwalimu Saturnino,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni mimi Rosa Kiden, binti wa dada yako Natalina. Kama umeusahau mwandiko huu basi aibu ni yako, maana wewe ndiye uliyenifundisha. Mama yuko hapa kando yangu, hajambo kiasi, anakohoa tu. Yeye ndiye anayeniamuru la kuandika, na ameanza na kuku. Anauliza: yule kuku mweupe aliyempa shangazi Margarita siku mnarudi Uganda, alitaga? Elena, mwanangu, ametimiza miaka mitatu. Mwili umekonda, mdomo haujakonda.

Mjomba, tumekimbia. Vita vilifika kijijini kwetu wakati mahindi bado mabichi, tukaondoka na tulichoweza kubeba kichwani. Sasa tuko mpakani. Uganda tunaiona, iko pale baada ya maji, hata majogoo ya watu wa Koboko tunayasikia alfajiri. Lakini hatuvuki. Siku tuliyofika askari wa darajani alinyoosha mkono akasema, "Nyinyi kaa uko kwanza. Iko amri. Bwana mkubwa nakuja uliza nyinyi maneno, Alhamisi." Tumeona Alhamisi ikija na kupita, na nyingine, na nyingine. Tumejenga vibanda vya nyasi.

Kinachoniuma ni kwamba wengine wote wanavuka. Kamisi, mchuuzi wa chumvi na sabuni anayekuletea barua hii, anavuka na baiskeli yake kila wiki. Ng'ombe wa mzee Asumani wanavuka asubuhi kula majani huku, jioni wanarudi kwao Uganda bila kuulizwa jina. Ni sisi tu tuliokimbia ndio tunaosubiri.

Wewe ni mtu wa kusoma. Ni sheria gani hiyo, mtu akimbie nyumba yake inaungua, halafu akae mlangoni mwa jirani mpaka jirani amalize kufikiri?

Mpwa wako,
Rosa Kiden


Awindiri, Arua
2 Oktoba 1990

Mpwa wangu Rosa, na dada yangu Natalina,

Salamu nyingi kutoka nyumba hii. Shangazi yako alipousikia ujumbe wa Kamisi aliacha sufuria motoni, tukala maharagwe yaliyoungua na hakuna aliyelalamika. Shule inaendelea, chaki hakuna, tunaandikia mihogo mikavu. Kuku alitaga vizuri sana. (Rosa, hapa usisome kwa sauti: tulimla Krismasi.)

Tangu nipate barua yako nakumbuka siku ile ya mwaka 1980. Sisi ndio tuliokuwa tunakimbia, bunduki nyuma yetu, mimi na Margarita na magodoro mawili. Tulifika kwenu jua limezama. Baba yako, marehemu Jale, alikuwa anafunga mbuzi. Nikaanza kumweleza tulivyotoka Koboko, nani amekufa, nani amebaki, na mimi ni mume wa nani na shemeji wa nani, kama vile hanijui. Akanikatiza: "Ingia kwanza. Maneno baadaye." Tukaingia, tukakaa miaka sita. Siku ya tatu alinipa shamba. Maneno yenyewe hakuwahi kuyauliza.

Basi nilivaa koti nikapanda Arua Hill, kwenye ofisi inayohusika na wakimbizi. Nilimkuta afisa kijana, ana adabu, alinipa kiti. Nikamwambia: bwana, tulipokuwa wakimbizi sisi, nilifundishwa na nikawafundisha wengine kwamba nchi za Afrika zilikubaliana, mtu anayekimbia kifo asirudishwe, na hata mpakani asikataliwe. Akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Lakini sisi hatujawakataa. Tumewaambia wasubiri."

Nikamwuliza, wasubiri wapi? Akasema, nje. Nikamwuliza, sasa mtu wa nje analindwa na sheria ipi? Akatabasamu. "Mwalimu, mtu akishaingia, akishakanyaga hapa na kuomba hifadhi, anakuwa juu ya vichwa vyetu. Hatuwezi kumrudisha. Ndiyo maana tunataka kumjua kabla hajaingia. Wengine ni wapiganaji."

Sikuridhika, na nimemwambia nitarudi. Kosa lao ni wazi na nitalishinda kwa mdomo na kwa kalamu. Wewe fanya jambo moja tu: usipite porini. Wakikukuta umepita porini watasema ndio hao wapiganaji, na hoja yangu itakufa. Subiri darajani, mahali pa wazi, kila mtu akuone.

Umesalimu kwa niaba ya wote isipokuwa mumeo. Celestino yuko wapi?

Mjomba wako,
Saturnino


Ng'ambo ya daraja
25 Oktoba 1990

Mjomba mpendwa,

Tumepokea barua na sabuni, Mungu awabariki. Nilisoma yote kwa sauti, nikaruka palipo pa kuruka, lakini mama si mtoto. Alisema, "Umenyamaza kwa nini hapo? Wamemla." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Naomba ujue hivyo: kila unachoniandikia anakisikia, na kila ninachoandika ananitaka nimsomee kabla sijafunga.

Mvua ni nyingi. Kibanda chetu kinavuja upande wa kichwa, kwa hiyo tumegeuza, sasa kinavuja miguuni. Mama anakohoa zaidi.

Yule bwana mkubwa alikuja, Alhamisi moja. Waliweka meza upande wao wa daraja, sisi tukapanga mstari upande wetu, na mtu akiitwa anasimama katikati juu ya magogo, anajibu kwa kupaza sauti. Waliuliza familia chache. Mvua ikaanza, wakabeba meza wakaenda. Viktoria, jirani yangu wa kibanda, alikuwa ndiye anayefuata. Alibaki amesimama pale juu ya magogo, analowa, kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Kuna jambo lingine nikuambie. Wiki iliyopita alikufa mzee Ladu, ambaye kwao ni upande wenu. Tukadhani atazikwa huku. Lakini watu wetu unawajua, maiti anayerudi kwao hazuiwi na mtu, na hata askari ni watoto wa watu. Walivua kofia. "Maiti pita. Watu ya maiti pita. Jioni nyinyi yote rudi." Watoto wake wakavuka nyuma ya jeneza, wakazika, jioni filimbi ikalia wakarudi huku kusubiri.

Mama aliangalia yote hayo akiwa mlangoni. Akasema, "Kumbe ni rahisi hivyo."

Celestino yuko nyuma, anakuja.

Rosa


Awindiri
19 Novemba 1990

Mpwa wangu,

Tunamshukuru Mungu tu wazima. Kamisi alichelewa kwa sababu barabara ya Koboko imekatika, barua yako imenifikia imelowa lakini inasomeka. Anawaletea blanketi moja zito na dawa ya kifua. Shangazi yako ameweka pia karanga za Elena. Anasema ni za Elena, si za Kamisi, na Kamisi amesikia.

Nimepanda Arua Hill tena, na tena. Yule afisa sasa akiniona anaagiza chai kabla sijakaa. Nilimwambia: huko kuwasubirisha watu kwenye mvua na vita viko nyuma yao ni kuwakataa kwa lugha ya upole. Nikamwambia mkataba hausemi subiri. Akasema, "Mwalimu, mkataba uko Addis Ababa. Mto uko hapa." Lakini safari hii ameahidi. Meza itarudi Alhamisi ya pili ya Desemba, na ninyi mtakuwa wa kwanza, kwa kuwa mama ni mzaliwa wa hapa. Nimemshika mkono juu ya hilo.

Dada yangu, najua unasikia hapo. Acha maneno ya kusema ni rahisi. Nyumba ya baba na mama pale Koboko bado ipo, paa nimelirudishia nyasi mpya. Utaingia kwa miguu yako.

Rosa, hujanijibu vizuri habari za Celestino.

Saturnino


Ng'ambo ya daraja
16 Desemba 1990

Mjomba,

Sina mengi ya salamu. Elena mzima. Sina wa kumsomea barua hii.

Mama amevuka. Wewe ulikuwepo, unajua, lakini nataka kuliandika. Alikufa Jumatatu, meza ikaja Alhamisi. Jumanne asubuhi askari waliinua lile gogo la kizuizi, wakavua kofia, na dada yako akaingia Uganda bila kuulizwa swali hata moja. Alikuwa amelala ndani ya blanketi lako. Nakushukuru kwa kaburi, kwa wimbo, na kwa kusimama karibu yangu.

Uliniona nimenyoa kichwa na nywele zimeanza kuota, ukaelewa kwamba sikunyoa kwa ajili ya mama (yeye nilimwambia ni chawa). Nilikuona ukinitazama. Basi sasa naweza kusema. Celestino hayuko nyuma. Alipigwa risasi njiani siku ya pili ya safari yetu. Hatukuwa na jembe, tukamfunika kwa majani na mawe. Mama alikuwa ametangulia na Elena mgongoni, hakuona. Nikamwambia anakuja. Kila ulipouliza ilibidi nimjibu yeye kwa kukujibu wewe. Alimngoja mkwewe mpaka mwisho, kila jioni alimwachia uji kidogo. Uji huo nilikuwa naula mimi, asubuhi, kwa siri. Nilikuwa nalia na kula.

Sasa swali langu. Nimerudia kuisoma barua yako ya Oktoba. Yule bwana alikuambia, mtu akishakanyaga huko na kuomba hifadhi, hawawezi kumrudisha. Mjomba, nilikuwa nimekanyaga. Nilisimama kwenye udongo wenu tangu asubuhi mpaka jioni, na mtoto wangu mgongoni. Miguu yangu ilikuwa kwenye udongo wa babu yangu. Nilikuwa nimeshaingia. Filimbi ilipolia nilikutazama, nikadhani utasema neno. Ukaniambia, "Nenda mwanangu, Alhamisi ni keshokutwa." Nikaenda, kwa kuwa uliniambia nisivunje hoja yako.

Alhamisi waliita majina mawili, si letu, wakaondoka.

Kwa nini hukuniambia niketi?

Rosa


Awindiri
3 Januari 1991

Rosa, mwanangu,

Nyumba nzima inakulilia Celestino. Margarita amenyoa. Nimepitia Krismasi kama mtu anayepita sokoni bila kununua kitu.

Umeniuliza swali nami nitalijibu, ingawa hakuna jibu ninalolipenda. Asubuhi ile, kabla hamjavuka, mkuu wa askari aliniita pembeni. Akasema, "Mwalimu, wewe nasimama kwa hawa watu? Mutu moja nabaki, mazishi ya wengine bas." Nikasema nasimama, nikawadhamini kwamba mtarudi wote. Nilifikiri juu ya wale wengine vibandani, wenye wazee wao wagonjwa, nikasema bora huo mlango mmoja usifungwe kwa sababu yetu. Nilifikiri Alhamisi ni keshokutwa. Hayo ni ya kweli. La kweli zaidi ni kwamba niliogopa, Rosa. Filimbi ilipolia niliogopa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Maneno ya sheria yote niliyoyapigia kelele Arua Hill yalinikauka mdomoni mbele ya kijana mwenye filimbi.

Baba yako hakuwa amesoma mkataba wowote.

Sasa nisikilize. Mwishoni mwa Februari tunamaliza matanga ya mama. Nimeshazungumza na wazee wa ukoo, na askari wanajua, matanga ni sehemu ya mazishi, watawapitisha. Njoo na Elena. Tutakula, tutaimba, tutamimina maji kaburini. Filimbi ikilia, wengine wakiinuka, wewe usiinuke. Keti juu ya udongo pale pale. Sema kwa sauti, watu wote wasikie: naomba hifadhi. Nitaketi upande wako wa kulia, Margarita wa kushoto. Nilisimama kwa ajili yao, sasa nitaketi kwa ajili yako. Wakitaka kukuburura watatuburura watatu, na nitakuwa ninawasomea sheria njia nzima.

Kuhusu mazishi ya wengine, nimewaza sana. Mlango unaofunguliwa kwa maiti peke yake si mlango wa kulindwa.

Usikose kuja.

Saturnino


Ng'ambo ya daraja
24 Februari 1991

Mjomba wangu,

Nakusalimu wewe na shangazi. Anayekupa barua hii ni Sitti, mke wa Kamisi. Mtoto aliye mgongoni mwake ni Elena.

Usikasirike. Jana walitoa amri mpya. Inaonekana si sisi tu tuliofikiri kuketi, kuna familia ilivuka na maiti wiki tatu zilizopita ikayeyuka Koboko. Sasa anayekwenda matangani lazima aache mtu wake huku. Askari alitutazama, mimi na Elena, akasema, "Moja vuka, moja baki." Viktoria aliniambia nimwache mtoto kwake nije mimi, kisha nimdai nikiwa ndani. Mjomba, nililala na wazo hilo. Lakini nimejifunza nini hufanyika kwa mtu anayengojwa.

Basi amevuka yeye. Kumpitisha haikuwa shida, Sitti ni mwenyeji na mtoto aliye mgongoni mwa mama haulizwi. Bunduki tunazisikia tena, upande wa kaskazini, ndiyo maana sikutaka kungoja barua nyingine ya ushauri.

Nimemfundisha lile neno. Nimemwambia ukifika kwa bibi, watu wakiinuka, wewe keti, useme, "Naomba hifadhi." Analijua vizuri. Shida ni kwamba nilimfundisha kwa kumpa sukari kila akilisema, kwa hiyo usishangae.

Hapendi kulala bila kushika sikio la mtu. Sikio la kushoto. Ukimkatalia hatalala.

Nimekusamehe lile la kaburini. Nililisema kwa hasira, na hasira ilikuwa ya haki, lakini imeisha. Usimwambie kwamba ninasubiri. Mwambie ninakuja.

Rosa Kiden


Koboko
2 Mei 1991

Rosa mwanangu,

Barua hii Kamisi amekataa kuibeba. Anasema hakuna wa kumpa. Nakuandikia hivyo hivyo, na salamu zinaanza kama kawaida: sisi wazima, Elena mzima, amenenepa, ameota magego. Sikio la kushoto la shangazi yako limekuwa jekundu.

Nikueleze matanga. Filimbi ilipolia aliketi juu ya kaburi kama ulivyomwagiza. Nikaketi, Margarita akaketi. Askari akaja, mwanafunzi wangu wa zamani, akasikitika sana kunikuta chini. Elena akamtazama akasema, "Naomba hifadhi." Akanyoosha mkono, "Na sukari."

"Huyu mutoto ya nani?" akauliza askari.

"Wangu," nikasema.

"Nasema nini?"

"Anasema kitu ambacho ukishakisikia huwezi kumrudisha."

Askari akakuna kichwa. Kisha akaenda kuwahesabu wengine. Ndivyo ilivyokuwa. Hoja yangu ya miezi sita ilishinda kwa sentensi moja ya mtoto.

Siku nane baadaye mapigano yalifika darajani. Kamisi alipoweza kuvuka alikuta vibanda vimelala, majivu yamepoa, chungu chako kimepasuka kati. Wengine wanasema watu walikimbilia upande wa Zaire. Viktoria hajaonekana pia. Hakuna aliyeona kaburi jipya, na hilo nalishika kwa mikono miwili.

Nilipanda Arua Hill. Afisa hakuagiza chai. Alisema, "Pole, Mwalimu. Lakini lile jambo limekwisha. Hakuna mtu anayesubiri tena." Nikamwambia kuna mmoja, ana miaka mitatu na nusu, na mwingine ana hamsini na nane. Nililia ofisini mwake. Sioni haya kukuambia.

Tuko nyumbani Koboko kwa likizo, na kila Alhamisi mimi na Elena tunakwenda darajani, tunaketi upande wetu. Mwanzoni Elena alimwambia kila aliyevuka, naomba hifadhi, hata ng'ombe wa Asumani. Nikamwambia, mwanangu, neno hilo ni la ng'ambo, sisi wa huku tuna letu. Nikamfundisha la babu yake. Sikumpa sukari.

Alhamisi iliyopita alitokea mwanamke na mzigo kichwani, ameshika mkono wa mzee asiyeona vizuri. Walipofika katikati ya magogo askari akainua mkono, "Ngoja uko." Mwanamke akasimama. Kabla sijafungua mdomo Elena alikuwa ameshaachia mkono wangu, amesimama mwisho wa daraja, anapiga kelele kwa sauti yake yote:

"Ingia kwanza! Maneno baadaye!"

Mwanamke alimtazama askari. Akamtazama mtoto. Kisha akamvuta mzee wake wakaja, mpaka wakakanyaga udongo, na mkono wa askari ukabaki juu, haujui pa kwenda.

Elena alikwenda akamchungulia usoni, chini ya mzigo. Akarudi akakaa.

Hakuwa wewe.

Mjomba wako wa upande huu,
Saturnino